Kamera Iliyovaa Aproni ya Kuchumia Chai

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilianza na jua kali. Sisi wa Konoin tukiona jua kali asubuhi hatushangilii. Tunaanika nguo haraka, maana tunajua mchana kutakuwa na neno. Lakini kabla sijaufikia mchana ule, acha nianzie kwa Mzee Tonui. Bila yeye leo ningekuwa nasimulia habari ya aibu, na habari za aibu mimi huwaachia wengine.

Uliniuliza ununue kamera gani. Jibu ninalo, ila ni refu kidogo, kwa hiyo vuta kiti.

Mimi nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai. Wazazi wangu walitoka Maragoli, baba akawa mtu wa boila kiwandani Mogogosiek, mama akachuma chai mpaka mgongo ukaanza kumlalamikia. Kazi ya picha nilifunzwa na Mzee Arap Tonui, mwenye studio ndogo kule Litein, mzee mpole ambaye hakumkosoa mtu mpaka amalize chai yake. Nilipopata kamera yangu ya kwanza ya dijitali, ile ya lenzi ya kubadilisha, nilimpelekea yeye hata kabla sijamwonyesha mama. Ilikuwa kamera ya daraja la kati. Haikuwa ile ya plastiki tupu ambayo ukiibana inalia kama kiti cha kukodi, wala haikuwa lile jitu wanalobeba watu wa magazeti. Mimi huifananisha na ng'ombe wetu wa chotara. Hashindani na wa gredi kwa maziwa, lakini kupe hawamuui upesi.

Basi nikaigonga kwa kifundo cha kidole mbele ya mzee.

"Mzee, sikia hiyo. Mwili wote ni chuma. Hii hata maji haiingii."

Alimaliza chai yake. Kisha akaichukua, akafungua kimlango cha betri, akafungua cha kadi, akapitisha ukucha kwenye utepe mwembamba wa mpira uliozunguka pale.

"Hapa iko mpira," akasema. Akaizungusha lenzi, akaitoa, akanionyesha shingo yake. "Na hapa?"

Nikatazama. Palikuwa chuma kwa chuma.

"Hapo hakuna," nikasema.

"Sasa nani alikuambia maji haiingii? Msichana, umejenga nyumba ya mawe, umeweka mabati, halafu mlango umeacha wazi. Mvua ya huku haitasumbuana na ukuta. Itaingia kwa mlango."

"Lakini mzee, walisema ni ngumu."

"Ni ngumu. Mimi nimekataa? Lakini ngumu yake inaishia hapa." Akaweka kidole pale lenzi inapokutana na mwili. "Kutoka hapa kwenda mbele, ni wewe."

Maneno hayo yaliniuma, mwanangu, nisikufiche. Nilikuwa nimekuja kusifiwa. Lakini wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa nilikuwa nimeonyeshwa kwa kidole. Nikamuuliza nifanye nini, akacheka kidogo. "Uliza mama yako. Kila asubuhi anaingia kwa chai yenye umande mpaka kiunoni, na sketi inatoka kavu. Mimi sijawahi kuvaa aproni, yeye ndiye anajua."

Umewaona wachuma chai. Umeona ile aproni nzito ya plastiki wanayojifunga mbele, ya manjano, inayokwaruza matawi siku nzima bila kuchanika. Mama alikuwa na moja kuukuu nyuma ya mlango. Nilipomweleza shida yangu alishika kiuno.

"Uuwi, Kageha! Sasa tumefika mahali pa kushonea mashine nguo?"

Lakini aliishona. Alikata mkono mpana wa kuvalia mwili wa kamera na mkono mwembamba wa kushuka kwenye lenzi, akatia lastiki shingoni kabisa, pale pale mzee alipoweka kidole, akaacha tundu la jicho langu na nafasi ya kidole cha kubonyezea. Ikawa kamera imevaa kama inaenda shambani. Nilikuwa nikiitazama nacheka peke yangu.

Mzee alinipa na neno lingine, ambalo nalichomeka hapa kabla halijanitoka: kamera ya nchi hii hufia kabatini zaidi ya inavyofia kazini. Baridi yetu na ukungu wetu vikiikuta lenzi imefungiwa kwenye mfuko wa ngozi, ndani ya sanduku, chini ya mablanketi, vinaotesha kuvu juu ya kioo. Itoe nje. Ipige jua la asubuhi. Itumie.

Sasa tufike kwenye ile siku.

Rafiki yangu Chebet alikuwa anaolewa, na kwao ni kwenye mteremko ulio juu ya kiwanda. Nyanya yake, Gogo Taprandich, alikuwa mzee sana, wa wale ambao hata watoto wao ni wazee. Mama huyo alikuwa hataki picha maisha yake yote. Ukiacha kile kipicha cha kitambulisho, kilichofutika mpaka pua haionekani, sura yake haikuwa mahali popote duniani. Si kwamba aliogopa. Aliona ni upuuzi. "Mtu anasimama bure bure kama mti, anaangaliwa?" ndivyo alivyokuwa akisema. Chebet alimbembeleza mwezi mzima, na mwisho Gogo akakubali kwa sharti. Atapigwa picha akiwa kazini, wakati anambariki mjukuu wake asubuhi ya kuondoka nyumbani. Akimaliza kubariki, mambo ya picha yameisha.

Familia ilikuwa imeleta vijana wa mjini kwa video na mambo ya kanisani. Mimi nilipewa Gogo. Chebet alinishika mkono nyuma ya jikoni, vipodozi nusu uso.

"Kageha, harusi yote ikiharibika, sawa tu. Lakini hiyo ya Gogo usipoteze. Yeye hana mwaka mwingine."

Wale vijana waliniona natoa kamera kwenye begi ikiwa na aproni yake ya manjano. Walikuwa na kamera nyepesi mpya zinazong'aa, na suti za kubana.

"Madam," mmoja akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "hiyo camera yako inaenda kuchuma chai ama inakuja wedding?"

Uwanja mzima ulicheka. Hata mama yangu alicheka, naye ndiye aliyeishona. Nilisema inaenda kote kuwili, nikajisogeza mbele.

Basi Gogo akatoka nyumbani na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, mkono mmoja, na kitita cha majani mabichi mkono wa pili. Chebet akapiga magoti kwenye nyasi. Gogo akachovya majani kwenye maziwa, akaanza kuomba kwa Kikipsigis, watu wakiitikia. Nikabonyeza mara ya kwanza. Uso ulikuwa umeinama, kofia imeufunika. Haikuwa picha. Nikangoja ainue kichwa.

Na hapo ndipo mbingu ikajibu lile jua la asubuhi. Upepo uliinua hema upande mmoja, na kabla watu hawajageuka, mvua ya mawe ilishuka juu ya mabati kwa kelele ambayo hata ukipiga mayowe hujisikii. Unajua mawe ya kwetu. Yanachana chai hadi kijani chote kinabaki chini. Watu walikimbia na viti vichwani. Wale vijana waliingia hemani, na hema likawaangukia nusu.

Gogo hakukimbia. Mwanawe alimfuata na mwavuli, naye akamsukuma kwa kiwiko.

"Mimi nimeshaanza! Nani anakata baraka katikati?"

Akachovya tena majani. Na Chebet, na lile gauni lake jeupe, akabaki kwenye magoti.

Mwanangu, niliogopa. Kamera ile ndiyo ilikuwa mali yangu yote, na jiwe la kwanza liliipiga juu, ta! likaruka. La pili likanipiga mimi. Moyo ulisema kimbia, lakini sikio lilikuwa bado na sauti ya Mzee Tonui: kutoka hapa kwenda mbele, ni wewe. Nikavuta aproni ikaze shingoni mwa lenzi, nikapiga goti kwenye matope. Lenzi ikaanza kuhangaika, inashika mawe badala ya uso. Nikaizima ile swichi ya lenzi kujitafutia shabaha yenyewe, nikazungusha kwa mkono, polepole, mpaka mikunjo ya paji la Gogo ikatulia. Nikafuta kioo kwa upande wa ndani wa leso. Nikangoja.

Akainua kichwa. Akatazama juu, usoni mwa ile mvua, kinywa wazi kwa maombi, akarusha maziwa. Matone ya maziwa na mawe ya mvua yakakutana hewani, yote meupe, na yeye katikati yake akiwa na uso wa mtu anayezungumza na anayemfahamu. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikabonyeza. Kila nilipobonyeza nilihisi shata, kile kipazia cha kamera, inagonga ndani vizuri, imara, na nilikuwa nalia, sijui kwa baridi au kwa nini.

Mvua ilipopungua tukaingia ndani. Kamera ya yule kijana wa maneno mengi ilikuwa imekataa kuwaka, anaitikisa kama redio. Nilimwonea huruma, lakini baada ya kucheka kwanza. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Gogo alikuwa amekaa kando ya moto, amefunikwa blanketi. "Umenipata?" akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari ya ndama aliyepotea. Nikapiga magoti, nikamwonyesha kioo cha nyuma ya kamera.

Alitazama muda mrefu. Akagusa kile kioo kwa kidole kilicholowa maziwa.

"Huyu ni mama yangu," akasema.

"Hapana, Gogo. Ni wewe."

"Najua ni mimi." Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hayafuti. "Lakini ni mama yangu. Sura yake ilinipotea nikiwa mtoto. Kumbe nilikuwa nimeibeba."

Chebet akamkumbatia na gauni lake la matope, na vigelegele vikapasuka hadi kiwandani nadhani walivisikia. Gogo akaagiza iletwe sinendet, ule mtambaa wa kijani ambao huku huvishwa mshindi. Akanivisha shingoni, mimi mtoto wa Mmaragoli. Kisha akakata kipande kingine, akaivisha kamera. "Na huyu mchuma chai pia," akasema, na safari hii nilicheka kuliko wote.

Nilipompelekea Mzee Tonui kamera, hakuangalia picha kwanza. Alivua aproni, akafungua vimlango, akatoa lenzi, akatia kidole shingoni. Pakavu. Akaniangalia kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha. "Sasa una kamera," akasema.

Gogo alituacha kabla chai haijachipuka vizuri tena. Leo picha ile imetundikwa katika kila nyumba ya ukoo wake, toka Mogogosiek hadi Chebunyo, na vitukuu ambao hawakumwona wanabishana nani amechukua paji lake.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Wenzako wanakimbilia kamera mpya zisizo na kile kioo cha kuakisi ndani, na zile za kati za zamani zinauzwa kwa bei ya huruma. Usione haya kununua ya kati. Ibane, isikilize kama inalia. Fungua vimlango vyake uone kama mpira upo na haujakauka. Tazama shingo ya lenzi. Lakini usimwamini anayekuambia kitu fulani hakiharibiki, kiwe kamera, kiwe ndoa, kiwe wewe mwenyewe. Kila kitu imara kina mahali uimara wake unapoishia. Patafute mapema, wakati jua linawaka, upazibe kwa mikono yako na ya waliokulea, wala usijali wakicheka. Ukishapaziba, siku ya mawe ikija, usikimbie. Simama upige picha yako.

Mungu akupe mwalimu asiyekusifu bure. Akupe mikono tulivu siku ambayo mtu amebakiwa na nafasi moja tu, na nafasi hiyo ni wewe. Na watu waonyeshwe kazi yako wamwone waliyedhani wamempoteza. Enda salama, mwanangu. Enda na nguvu.