Aonje Mtoto Kwanza

Mawese yakianza kuchemka, harufu yake hukupokea kabla hujafungua mlango wa ukumbi wa kanisa letu hapa Columbia Heights. Wenzangu humeza mate. Mimi hurudi nje kwanza, na nitawaambia kwa nini, ila msimfikishie mama.

Mama alikuwa mpishi wa Komanda, mwanajeshi aliyetawala mji wetu mashariki mwa Kongo. Aliuteka kwa bunduki na askari wageni kutoka ng'ambo ya mpaka, na wageni hao wakabaki. Mwanzoni walikumbatiana naye hadharani, wakaitana ndugu. Halafu wakaanza kutiliana shaka: yeye alitaka waondoke, wao walitaka awatii. Kanali wao akija kwa Komanda, alikuja na mikebe yake ya samaki. Sisi watoto tulicheka sana. Ndugu gani huyu anayetembea na chakula chake?

Siku moja ikaandaliwa karamu ya mchana ili wapatane. Tangu asubuhi mama alikaa kwenye kigoda mbele ya sufuria ya mbuzi wa mawese, hakuinuka hata kwenda msalani. Askari mmoja wa Komanda akaja kumwambia kuna mtu anamwita nje. "Aingie huku," mama akajibu. Akarudi tena, eti aonje chumvi. Mama akamwinulia mwiko. Nilikuwa na miaka saba, nikamwona mama mchoyo kupindukia, maana hata mimi alininyima mfupa.

Nyama ilipoiva, askari yule yule na wenzake ndio walioibeba kuvuka ua hadi mezani.

Kwetu mwenye nyumba hutangulia kula, ndipo mgeni anyooshe mkono. Wote wakamtazama Komanda. Komanda akashika tumbo.

"Leo tumbo yangu iko mubaya."

Kanali akatabasamu kwa meno tu. Mama, aliyesimama nami mlangoni, akasogea upesi, akamwambia mkubwa wake, "Ni miye nimepika, Chef. Nitakula miye."

Kanali akatikisa kichwa, akamnong'oneza mkalimani wake. Mkalimani akasema, "Mupishi anaweza kukubali kufa juu ya mukubwa wake. Aonje mutoto yake."

Komanda hata hakumtazama mama. "Aonje mutoto," akasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiagizia bia.

Jamani, nilivyofurahi! Nilichagua kipande kikubwa chenye mafuta, nikakitafuna taratibu nisije nikakimaliza mapema. Wanaume wazima wenye nyota mabegani waliutazama mdomo wangu, nami nikadhani wananionea wivu. Nikaomba kingine. Waliposubiri wakatosheka, wakacheka, wakapigana mabega, wakala. Tumbo la Komanda nalo likapona. Mama alikuwa ameshikilia mwimo wa mlango. Tulipofika nyumbani alinisugua mdomo kwa sabuni hadi nikalia, na kesho yake nikajigamba shuleni kwamba nimekula kabla ya kanali.

Hapa Minnesota tumemcheka mama miaka yote. Sherehe za kanisa kila mtu huleta chakula chake, akakiacha mezani, akaenda kupiga soga. Mama huvuta kiti akakaa kando ya sufuria yake mpaka watu waanze kupakua. "Koko, relax!" binti yangu humwambia bibi yake. "Nobody will touch it."

Msimu wa baridi uliopita, tukipika sombe, yale majani ya muhogo, jikoni kwake Fridley, ndipo aliponieleza ile siku ilikuwa nini. Nikamuuliza kama nyama ilikuwa na sumu.

"Ya ku sufuria, hapana," akasema. "Ya ku meza sikujua. Mpaka asubuhi sikujua."

Nawaonea kinyaa wote wawili, Kanali aliyeniomba na Komanda aliyenitoa. Heri wangekuwa wananichukia. Hawakuwa na habari nami hata kidogo. Walitaka tu kujua kama undugu wao ungali salama, na kifaa cha kupimia kilikuwa mimi.

Jumapili iliyopita binti yangu alipita ukumbini na sahani yake. Mama akamzuia kwa mkono, akamega kipande, akakitafuna, akatulia. Mtoto akacheka, akageuza macho kunitazama ili tucheke pamoja kama kawaida yetu. Nikamwambia angoje. Tukangoja wote watatu, mpaka mama alipomwachia sahani.