Mfaransa Aliyeipenda Sura ya Mama Feza

Nakumbuka mchana mmoja wa matanga, mwanangu, wewe uliyezaliwa hapa Johannesburg na ukisemeshwa Kiswahili unajibu kwa Kizulu. Tulikuwa mtaa wa Malvern, uani kwa marehemu Mama Feza, msusi aliyewasuka nusu ya wake zetu. Ukutani tulitundika sura yake, kazi ya mzee wetu Papa Kalombo. Sisi watu wa Lubumbashi tulikuwa na desturi hiyo: marehemu anachorwa sura, na matanga yakianuliwa picha anapewa mtoto. Nyota, bintiye, hakuwa na urithi mwingine. Chumba kilikuwa cha kupanga, hata viti vya saluni vilikuwa vya watu.

Akaingia Bwana Lucien, mwanadiplomasia wa Kifaransa. Wasanii wa mtaa wa Newtown walimsifu sana, maana aliwatafutia kumbi za maonyesho. Alivua viatu, akaketi mkekani, akala ugali kwa mkono. Mimi nimetangatanga, Kigoma, Lusaka, Harare, na mgeni anayekaa chini upesi hunipa wasiwasi. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Akatusimulia maisha yake. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Kazi yake ya kwanza ilikuwa Bujumbura, ndiko alikojifunza Kiswahili. Kisha Kinshasa, kisha Abidjan, na kila alikokwenda aliwashika mkono wachoraji, akaondoka na picha zao.

"Sasa nakaribia kustaafu," alisema. "Nyumba yangu kule kwetu nitaifanya nyumba ya sanaa. Papa Kalombo, hii picha nipe mimi. Dunia nzima itaiona."

Nyota akainamisha kichwa.

Nikamnong'oneza mzee, "Papa, tumtoe?"

"Tulia, kijana. Matangani mgeni hafukuzwi, anaulizwa." Akamgeukia. "Bwana Lucien, kule kwako ukutani watu wetu ni wengi?"

"Wengi sana, Papa."

"Vizuri. Hapa hatuli chakula cha matanga bila kutaja wafu, na wewe umeshakula. Tutajie wa kwako."

Akataja bwana fulani wa Kinshasa, akataja mwingine wa Abidjan, na jinsi kila mmoja alivyochanganya rangi.

"Hao wamechora. Nauliza waliochorwa."

Mfaransa akaanza kueleza nguo zao na rangi zao, majina hana.

"Eish!" mama mmoja akapaza sauti kutoka jikoni. "Anaishi nao nyumba moja hata salamu hawapi!"

Uani kote tukacheka. Yeye hakucheka. Akamtazama Nyota, akauliza polepole, "Mama yako aliitwa nani?" Mchana kutwa alikuwa ameketi chini ya sura hiyo.

"Feza Ilunga," Nyota akajibu, akaishusha picha na kuipakata.

Siku ya kuanua matanga Bwana Lucien alirudi, akasimama mbele ya picha na kusema, "Mama Feza Ilunga, jambo." Ulikuwa moyo wa kweli, au ilikuwa njaa ileile ya picha imevaa nguo safi? Mpaka leo sijui, na sina haraka ya kuamini. Ila picha iko kwa Nyota.

Basi shika neno hili, mwanangu. Anayependa vya kwenu usimtukane, wala usimkabidhi ufunguo. Muulize kwanza mwenye vitu hivyo aliitwa nani. Na wewe ulijue jibu, kwani bibi zako usipoweza kuwataja, umekaa mkeka mmoja na yule Mfaransa.

Mungu akuzeeshe salama, na siku utakapobaki sura ukutani, asikosekane mtu wa kukuita kwa jina lako.