Siku Picha za Vipimo Zilipochuja Rangi

Fundi cherehani mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkasi, hakuandika vipimo vya wateja. Daftari lake la mwisho lilipotelea ndani ya gunia la vipande, na tangu hapo alibuni njia yake. Alimzungushia mteja utepe wa kupimia, kifuani, kiunoni, nyongani, na kila mara akapiga picha kwa simu, huku pembe ya kitambaa cha mteja huyo ikionekana chini ya utepe. Akikiona kitambaa, amemjua mwenyewe. Miaka miwili hakukosea hata inchi.

Asubuhi hiyo alikuwa na gauni la mwalimu, la kuchukuliwa saa kumi jioni. Mwalimu alikuwa anasafiri kwenda kwenye mahafali ya bintiye. Kitambaa chake kilikuwa chekundu chenye maua. Wifi yake alileta maua hayo hayo, ila ya kijani. Miili yao ilikaribiana, lakini mmoja alijaa kifuani na mwingine nyongani. Kitambaa chekundu kilitosha kwa kubana, na dukani kilikuwa kimekwisha. Mkasi ukipotea njia, gauni hakuna.

Bi Mkasi alifungua picha, akaganda. Maua yote yalikuwa ya kijivu. Picha za wiki jana, kijivu. Hata picha ya marehemu mumewe katika shati la njano, kijivu.

"Makubwa! Zimechuja," alijisemea. Nguo mbaya huchuja ikifuliwa, lakini simu hii nani kaifua?

Alikumbuka mafunzo ya mpwa wake, binti wa kazi za kiwandani, aliyekuwa akimwelekeza namna ya kuishi vizuri na simu. Simu ikileta ukaidi, izime uiwashe. Aliizima, akaiwasha: kijivu. Mwanga mdogo hufifisha. Aliuongeza hadi machozi yakamtoka: kijivu kinachong'aa. Akampigia mpwa, hakupatikana. Kiwandani simu hufungiwa kabatini hadi zamu iishe. Akampigia mwalimu. Naye yuko darasani, simu imezimwa.

Akavuka kizingiti kwenda kwa fundi viatu, jirani yake.

"Kaka, hebu nitazamie. Kitambaa hiki ni cha rangi gani?"

"Majivu."

"Ehe! Basi si macho yangu."

"Macho yako yaliharibika zamani, dada. Ndiyo maana ile suruali yangu ina mguu mmoja mrefu."

"Mguu mrefu ni wako, usiisingizie suruali."

Fundi viatu alicheka, akafuta gundi vidoleni. "Nirushie hiyo picha niikuze, simu yangu ina kioo kipana."

Picha ikafika. Maua mekundu kama pilipili.

Bi Mkasi aliziweka simu mbili ubavu kwa ubavu. Picha ile ile, utepe ule ule. Huku majivu, kule pilipili.

"Sasa hiyo rangi imetoka wapi? Hapa haikuwemo. Imepandia njiani?"

"Mimi nashona viatu, dada. Mambo ya njiani usiniulize."

Lakini nani mkweli? Huenda simu ya jirani ilikuwa inajipakia rangi kwa mapenzi yake. Alirudi dukani, akapiga picha mpya ya kitambaa chekundu kilichokuwa mbele ya macho yake, akairusha. Kwake kijivu, kwa jirani chekundu. Akarudia na cha kijani, kikafika cha kijani. Hakuelewa lolote, ila ushahidi ulimtosha. Aliazima simu ya jirani, akairushia vipimo vyote, akaiegemeza kwenye cherehani, akakata na kushona.

Saa kumi mwalimu alilivaa gauni, akazunguka mbele ya kioo, akasema, "Fundi, umenikata mimi au kitambaa? Limenikaa kama ngozi!" Ndipo Bi Mkasi akapumzika kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mpwa alipopita akitoka kazini, alisikiliza kisa chote kwa mkono mdomoni.

"Shangazi, ni mimi. Nilizima rangi za kioo ili chaji idumu. Picha zenyewe hazikuguswa. Na nilikuambia asubuhi, ukasema 'mmh'."

"Nilikuwa na pini mdomoni! Mwenye pini husema 'mmh' kwa kila kitu."

"Ila chaji si imedumu? Tazama, bado zaidi ya nusu."

"Rudisha rangi zangu, mwanangu. Chaji ikiisha, umeme upo. Kitambaa cha watu kikiisha, nitakichomeka wapi?"

Mpwa alibonyeza mara mbili tatu, na maua yakawaka. Bi Mkasi aliyatazama, uso umekunjamana.

"Kwa hiyo yalikuwa humu humu siku nzima?"

"Humu humu."

"Na aliyeyaona ni fundi viatu."