Mlio wa Kwenye Kona

Mshonaji aliitambua pikipiki ya marehemu mumewe kwa uzi wa kijani. Ilikuwa imelazwa kwenye yadi ya vyuma chakavu, haina gurudumu la mbele, tangi limebonyea. Lakini kiti kilikuwa kilekile alichokishona mwenyewe siku uzi mweusi ulipomwishia. Waliiuza mume alipougua, wakidhani dawa zitamponya. Wapi! Akainunua palepale, bila hata kuvutana bei, mwenye yadi akabaki anamshangaa.

Akaipeleka kwa fundi, rafiki wa marehemu.

"Tengeneza kila kitu, shemeji. Ila ekzosi usiiguse."

"Imetoboka hiyo! Mtaa mzima hautalala."

"Iache hivyohivyo."

Sababu hakuisema, aliona haya. Mtu mzima utaanzaje kusema unautaka mlio? Miaka kumi na moja, mlio ule ukifika kwenye kona, yeye huacha cherehani na kuinjika chai. Majirani wakilalamika, mume anacheka: "Nikiziba, mke wangu atajuaje nimerudi?" Sasa alitaka kuusikia mara moja tu, halafu basi, hata pikipiki aiuze.

Wiki tano fundi alihangaika nayo. Ilipokamilika, mshonaji akamwomba ailete mwenyewe, jioni, apitie kwenye kona. Siku hiyo akawasha jiko mapema, akashika sufuria ya maji, akasimama kuupa mlango mgongo, masikio kayatega. Zilipita pikipiki za watu, hakutingishika. Ile yake angeijua tu.

"Hodi!"

Akageuka. Fundi huyo mlangoni, meno yote nje, na nyuma yake pikipiki inawaka taratibu, huisikii mpaka uisogelee.

"Hata hukunisikia, eeh? Nilijua unabana matumizi, shemeji. Nikasema aka, mke wa rafiki yangu hawezi kupanda kitu cha aibu. Nimefunga ekzosi mpya, zawadi yangu!"

"Na ile ya zamani?"

"Ile? Nilimpa muuza vyuma chakavu. Saa hizi imeshayeyushwa."

Jamani, angemgombeza kwa lipi? Maskini ya Mungu, alikuwa amejinyima kwa ajili yake.

"Ahsante, shemeji," akasema. Akakaa chini na sufuria yake mapajani, akalia kwa sauti kama siku ile ya msiba.

Fundi akabaki mlangoni anatabasamu, akidhani ni furaha.