Siku ya Posho Mashine Inalala

Miaka ile ya vita, siku yangu ya kutukana moyoni ilikuwa siku ya posho, ndiyo Jumamosi. Siku nyingine nilikuwa mtu wa kucheka. Nilikuwa nimechora kwenye daftari cyber yangu ya kesho, duka la intaneti, pale mtaani kwetu Kasungami, na kibao cha buluu juu ya mlango, na nyumbani hatukuwa hata na umeme.

Tulikuwa tunamtafuta yaya wangu, ndugu yangu mkubwa. Vita ilimkuta Pweto, kule ziwani, alikokwenda kununua samaki wakavu. Dereva mmoja wa lori akasema walimzika kando ya ziwa. Mama, muuza mihogo, hakukubali. Ndipo mzee mwenye cyber ya mjini, tuliyemwita papa, mtu mpole wa Kasai, aliponionyesha Usenet: ubao wa kwenye kompyuta, mtu anabandika maneno yake na mwingine anayasoma akiwa nchi nyingine. Misioni moja upande wa Zambia ilibandika humo barua za wakimbizi wetu kila Ijumaa.

Ijumaa wanabandika, Jumamosi ninakuja kwa miguu kusoma, na Jumamosi hiyohiyo huduma inaanza kujikokota, mchana inazimika mpaka Jumatatu. Wiki ya kwanza nilisema ni bahati mbaya. Wiki ya tatu nilijua ni tabia.

"Ni bale ba Ulaya," papa aliniambia. "Week-end banapumuzika, banavuta mapicha na miziki ku mashine yabo. Njia inajaa. Weye na mistari yako kumi utapitia wapi?"

Aliwaandikia wenye huduma. Wakajibu kwamba mwisho wa wiki watu ni wengi, tuwe na uvumilivu. Uvumilivu gani? Picha ingengoja. Sisi tulikuwa tunauliza mtu mmoja kama anapumua.

Jumamosi ya nne, kabla haijazimika, vichwa vya barua vilitokea. Kimoja kilisema: "Kwa mama wa Kasungami anayeuza mihogo." Jina la mwandishi halikuwepo, ila la misioni, kama kwenye barua zote. Nikabonyeza. Ukurasa mweupe. Nikabonyeza tena na tena.

"Utatoboa hiyo souris, mwana," papa alisema, akautoa mkono wangu taratibu kwenye kipanya.

Nyumbani nilimkuta mujomba, kaka ya mama, ameshusha gunia la unga na la makaa. Matanga yaanze kesho, alisema, familia imechoka kungoja. Nikamweleza habari ya barua.

"Inasema nini?"

"Haikufunguka, mujomba. Mpaka Jumatatu."

"Kumbe kifo nacho kinachukuaka congé, kinapumuzika mpaka Jumatatu?"

Ndugu waliokuja naye wakacheka. Mama hakucheka.

"Ikaleni matanga," alisema. "Pikeni huo unga, mukule. Lakini miye sitalia mutoto wangu mbele ya ile barua kufunguka."

Jumapili wakaketi kwenye mikeka. Wanawake walianza wimbo, wakamtazama mama, wakauacha katikati. Nilimsikia mmoja akinong'ona kwamba mwanamke huyu ana jiwe kifuani. Mama alikuwa anamenya mihogo, macho makavu, na ile aliyokwisha kuimenya alikuwa anaimenya tena. Hapo ndipo hasira ilinipanda kweli. Mahali fulani mtu alikuwa anavuta picha zake kwa raha, na mama yangu ameshikilia machozi siku mbili kwa sababu yake.

Jumatatu asubuhi barua ilifunguka mara moja. Mistari saba, ya yaya mwenyewe. Alikuwa hai. Alikuwa ameambiwa huko kambini kwamba mama alikufa kwa homa. "Kesho Jumamosi misioni watanipa mashine kutwa," aliandika. "Nijibuni tu kama mama iko. Mukinyamaza, nitajua."

Alikuwa amekaa pale Jumamosi yote, na sisi tulinyamaza.

Machozi yalinitoka juu ya kibodi ya watu. Papa akaniletea kitambaa. Nikaandika kwa vidole viwili, nikiogopa isizimike tena: "Yaya, mama iko muzima. Jana tulikufanyia matanga, alikatala kulia. Na weye usimulilie. Andika siku yoyote, lakini hapana siku ya posho. Siku ya posho mashine inalala, na bale ba Ulaya batatuua siye bote."