Kliniki Ilimjibu Mgonjwa kwa Jina Langu

Admin, jina langu usiliweke. Limeshatumiwa vya kutosha.

Nina miaka arobaini na tisa, ni muuguzi katika kliniki ya binafsi upande wa Lubaga. Baba alikuwa askari, Kiswahili nilikulia nacho kambini, na hapa wauguzi wanaokijua ni wachache, ndiyo maana akina mama wa Kikongo hunitafuta mimi. Mwaka jana mkurugenzi aliomba ujumbe wote niliowahi kuwaandikia wagonjwa. Akailisha programu ya akili bandia, ikaanza kuwajibu WhatsApp kwa jina langu. Nilikubali. Nilidhani itawakumbusha tarehe za kurudi tu, sikuuliza zaidi. Kosa hilo ni langu.

Mama mmoja wa Kikongo, muuza vitenge wa sokoni Kikuubo, mimba ya miezi minane, aliandika asubuhi: "Sista, kichwa kinaniuma sana, naona nyota-nyota, miguu imevimba." Muuguzi yeyote akisoma hayo anaacha chai mezani. Programu ikajibu palepale: "Pole mama wangu. Kunywa maji, lalia ubavu wa kushoto, usiwe na wasiwasi." Mchana akaanguka kwa kifafa cha mimba. Yeye alipona. Mtoto alikufa.

Juzi alikuja kunishukuru.

"Aksanti, Sista. Bwana yangu alitaka kuita boda anilete, nikamwambia atulie, Sista ameshanijibu. Mungu alipenda vile. Lakini wewe hukuniacha."

Nikamshika mikono, nikamsindikiza hadi getini. Halafu nikamwendea mkurugenzi.

"Anadhani ni mimi niliyemwambia alale."

"Sista, punguza moto. Wagonjwa wanaupenda huo upole."

"Upole ni wangu, umeuiba. Kuogopa kwangu mbona hukukuchukua?"

"Mwambie basi. Kesho usije kazini."

Nasoma sana, na kila mahali naona wanasifu mashine hizi eti zinamsogeza daktari karibu na mgonjwa. Karibu gani? Programu hii haijawahi kupima presha ya mtu. Inajua tu kusema pole, na sisi tumeipa ruhusa ya kusema pole badala ya kusema kimbia.

Kazi nitapata nyingine. Ninachoogopa ni kumwambia mama huyu kwamba alimzuia mumewe kwa ajili ya mashine. Nikinyamaza, ataendelea kuiamini. Leo asubuhi ameandika tena: "Sista, maziwa bado yanatoka, nifanye nini?" Programu imeshamjibu, imemwita "mama wangu".

Pole zenu sizitaki. Niambieni: nimwendee leo hii Kikuubo, na nikifika, nianze na neno gani?