Kutafuta Obambla Mbali na Kisiwa

Mimba yangu ya pili ilinikataza kula karibu kila kitu. Chai, chapati, uji, ndizi, hata maji ya moto yenye limau: kila nilichoteremsha kilirudi kilikotoka. Ya kwanza ilikuwa imetoka kabla haijaonekana, kwa hiyo hii niliibeba kama mtu anayebeba trei ya mayai kwenye baiskeli. Muuguzi wa kliniki huko Migori alinipima uzito, akatikisa kichwa, akasema nikiendelea kupungua hivyo atanilaza wodini. Safari ndefu nizisahau. Barabara ya lami kutoka Isebania, nilikoolewa, hadi kliniki yake aliiruhusu. Rusinga, kisiwa cha kwetu huko ziwani, alikataa kabisa.

Basi tumbo langu, kwa ukaidi wake, likaamua kwamba litakubali tu kile kilichoko Rusinga. Nilitaka obambla. Kwa asiyeijua, ni samaki aina ya ngege aliyepasuliwa mgongoni, akafunguliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani hadi akauke na kuanza kunuka vizuri. Ndiyo, kunuka vizuri, na asiyetaka kuamini shauri yake. Huchemshwa polepole na nyanya, kisha humiminiwa maziwa, na huliwa kwa ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo. Sikutaka kitu kinachofanana nayo. Nilitaka yenyewe.

Mama yangu sikumwambia lolote. Alikuwa ameililia mimba ya kwanza kuliko hata mimi, nami sikutaka ajue kwamba hii nayo inanisumbua. Nilidhani hoteli zitatosha. Kuanzia Isebania hadi Homa Bay, nani hauzi samaki?

Mume wangu ni Mkuria, fundi wa magurudumu ya malori hapo mpakani, mtu mpole ambaye kwake samaki ni samaki tu. Alianza na hoteli moja karibu na maegesho ya malori, iliyoandikwa ukutani kwa rangi ya buluu kwamba inapika samaki halisi wa Rusinga. Akaniletea kipande kilichokaangwa hadi kikawa kikavu, kisha kikazamishwa kwenye mchuzi mwekundu wa viungo vya pakiti. Nilikimbilia nje kabla hajafunua sahani yote. Niliporudi nikamwambia kwamba samaki huyo, kama aliiona Rusinga, aliiona kwenye picha. Yeye alicheka. Mimi nililia, maana nilikuwa na njaa kweli.

Juma lililofuata alikuwa na kazi Ndhiwa, akarudi na chakula ndani ya hotpoti aliyoifunga kwa leso. Hii ilikuwa imewahi kuwa obambla. Lakini mwenye hoteli alimweleza mume wangu kwa fahari kwamba huiosha kwa maji ya moto na limau mpaka harufu iishe, kwa sababu wateja hulalamika. Na maziwa yalikuwa ya pakiti. Nilikula matonge mawili, nikaanza kutumaini, halafu tumbo likakataa.

Hoteli ya tatu ilikuwa Migori mjini, karibu na kliniki, ya mama mmoja Mwislamu mwenye buibui na sauti ya kuamrisha. Tuliingia baada ya muuguzi kunipima tena na kuniambia kwamba amenipa wiki moja tu. Niliagiza samaki, nikamtazama, nikaisukuma sahani mbali. Yule mama aliona. Nilitegemea anifokee, lakini alivuta kiti akaketi, akaniuliza nina nini, nami nikamweleza yote hadi yale maandishi ya rangi ya buluu.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akanisimulia kwamba yeye pia ni mtu wa kisiwani, kisiwa cha pwani, na kwamba tangu aje huku bara amekula kwenye kila hoteli inayojitangaza kupika mapishi ya Pwani na hajawahi kumaliza sahani. Zamani alikuwa akigombana na wapishi. Siku hizi hagombani na mtu.

"Mwanangu, hoteli humpikia mpita njia," akasema. "Hata mimi ndivyo ninavyofanya. Mwambie mama yako akuletee samaki wenu, jikoni kwangu utaamuru wewe."

Nilimuuliza je, wateja wake wakiikimbia harufu? Alisema nje kuna viti.

Nilimpigia mama simu nikiwa bado mezani, aibu zote nimeziweka kando. Nilipotaja obambla akashangaa. Aliuliza kama zile mbili nimekwisha kuzimaliza. Kumbe mama mkwe wangu alikuwa amemdokeza kwamba sili, naye akatuma kifurushi kwa gari, kisha akatuma kingine. Na mara zote mbili mama mkwe alimpigia kumshukuru, akamwambia samaki walikuwa watamu mno, nyumba nzima ililamba vidole. Mimi sikuwa nimeona hata pezi.

Nilifika nyumbani nimevimba kwa hasira. Mama mkwe tunaishi naye boma moja, na vifurushi vyote hupokea yeye. Nilimuuliza waliko samaki wangu. Hakujitetea. Aliinuka akanipeleka nyuma ya zizi la ng'ombe, akanionyesha mahali pawili penye udongo uliochimbuliwa karibuni.

"Ilikuwa imeoza, mama," akaniambia kwa sauti ya chini. "Sasa ningeambiaje mkwe wangu ametuma kitu imeoza? Watu wako wangeaibika."

Alikuwa ameifukia kwa kina, mbwa wasije wakaiburuta uani majirani wakaona. Hakumwambia hata mwanawe. Hasira yangu pale pale ikageuka kicheko, nikacheka hadi nikaketi chini kwenye samadi kavu. Kisha nikalia tena. Mwanamke huyu, ambaye nilidhani ananivumilia tu, alikuwa amechimba mashimo kwa mikono yake ili kwetu kusichekwe.

Nilimweleza kwamba harufu ile ndiyo utamu wenyewe. Aliniangalia kama anayemhurumia mgonjwa, lakini hakubisha.

Kifurushi cha tatu kilipofika, mama mkwe alikataa kubaki nyumbani. Mume wangu aliazima pikapu, naye akakaa mbele na samaki mapajani, dirisha likiwa wazi, uso ameugeuzia upepo. Miguuni aliweka kibuyu cha maziwa aliyokamua asubuhi hiyo, kwa sababu alinisikia nikiyalaani ya pakiti.

Kule Migori walinikalisha kwenye mlango wa nyuma wa jikoni penye hewa, nikawa naamuru. Maji ya baridi, na kidogo tu. Kitunguu hapana. Mafuta hapana. Mwenye hoteli alitii, ingawa mkono wake ulisita kila niliposema hapana. Harufu ilipoanza kutembea, wateja wawili walihamia nje na sahani zao, na mzee mmoja aliyekuwa akipita barabarani akaingia kuuliza ni nani anapika na kama itabaki. Wakati wa maziwa ulipofika, mama mkwe aliomba ayamimine mwenyewe. Aliyamimina polepole, midomo ameikaza.

Waliniwekea sahani, na beseni kando ya mguu. Nikamega tonge. Wanawake wawili walisimama mbele yangu wakilitazama koo langu, na mume wangu alikuwa mlangoni akijifanya anatazama gari. Tonge la kwanza likashuka. Nikangoja. La pili. Nikala mgongo, nikala tumbo, nikafyonza kichwa hadi kikabaki mifupa mitupu, na beseni halikuguswa. Sikumbuki kama niliwahi kufurahi hivyo kwa sababu ya chakula. Niliegemea ukuta, jasho likinitoka, nikisikia mwili umetulia.

Halafu mama mkwe akaniomba simu, akataka nimpigie mama yangu.

"Mkwe," akasema, amesimama wima, "nataka kukuambia ukweli. Ile samaki ya kwanza na ile ya pili, sisi hatukukula. Nilizika. Nilidhani imeoza."

Nilitaka kumnyang'anya simu.

"Lakini hii ya leo msichana wetu amekula. Amekula na imekaa."

Nilimsikia mama akimtaja Mungu kwa Kijaluo, mara nyingi, sauti ikikatika. Kuhusu wale samaki waliozikwa hakuuliza neno. Aliuliza tu kama naomba tena. Mama mkwe aliitazama sahani yangu, akanitazama mimi ambaye sikuwa nimefungua mdomo, akamjibu kwamba ndiyo, ameomba tena.